Udongo wa Shimo la Mwisho

Msimu niliorudi nyumbani kuandika tasnifu yangu, mvua zilikuwa zimeshakolea Ufipa. Kila asubuhi niliukuta ukungu umekaa uani, umefunika mparachichi na banda la kuku, na kwa muda mfupi, kabla akili haijanirudia, sikujua kama niko Sumbawanga au bado niko kule ughaibuni, kwenye chumba changu chenye dirisha linaloangalia ukuta. Kisha nilisikia mama akipuliza moto jikoni, nikajua niko wapi. Nilivaa sweta juu ya sweta, nikaenda kukaa kwenye meza ya baba.

Baba alikuwa amefariki msimu uliotangulia. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Kirando, aliyepanda kutoka ziwani akiwa kijana kuja kufundisha huku juu kwenye baridi, akaoa huku, akabaki. Kwenye meza ile alikuwa akisahihisha kazi za wanafunzi, na mbao zake zilikuwa na alama za wino mwekundu zisizotoka. Niliweka kompyuta juu ya alama hizo. Mama aliiona. Alileta kitambaa, akaifuta meza pembezoni mwa kompyuta, akarudi jikoni.

Kazi yangu ni udongo. Nilikuwa nataka kujua chuma kilichomo katika udongo wa uwanda wetu kimekaa katika hali gani, kwa sababu chuma ndicho kinachoikamata mbolea na kuinyima mizizi. Tangu nikiwa mdogo nimemwona mama akitia mbolea na mahindi yakibaki membamba kana kwamba hayakupewa chochote. Nilitaka kujua ile mbolea inakwenda kwa nani. Kwa hiyo kabla sijaondoka kwenda kupima, mimi na baba tulizunguka na jembe na koleo, tukachimba mashimo kwenye mashamba ya ndugu na majirani. Shimo la mwisho tulilichimba kwenye shamba la mama upande wa Mollo. Mvua ilitukuta tukiwa bado ndani ya shimo. Baba alifunga udongo ule ukiwa mbichi, akazungusha utepe wa gundi kwenye mdomo wa mfuko, akauweka ndani ya koti lake usilowe zaidi. Nusu nyingine tuliibeba kwenye ndoo hadi nyumbani, akaianika kwenye ungo jua lilipotoka.

Mfuko ule nilisafiri nao. Niliupeleka kwenye kinu kikubwa cha duara, kikubwa kuliko uwanja wa mpira, ambamo elektroni hukimbizwa hadi zinatoa mwanga mkali wa eksirei. Nilikuwa huko, kwenye zamu yangu ya kupima, kaka yangu aliponipigia simu kuniambia baba ameanguka bafuni na hakuamka. Nilisimama kwenye korido yenye sakafu inayong'aa. Watu walinipita wakisema habari za asubuhi kwa lugha yao. Wengine huniuliza kama udongo wa shimo lile la mwisho ndio uliokuwa kwenye mashine saa ile. Wangependa iwe hivyo. Mimi sikumbuki. Ninachokumbuka ni kwamba nilirudi nikakaa kwenye kiti, nikatazama mstari ukipanda kwenye kioo, na sikujua ni mstari wa nini. Nilipofika Sumbawanga, baada ya ndege na mabasi, walikuwa wameshazika. Nililala siku kadhaa kwenye kitanda cha mama, kisha nikarudi kumalizia masomo, na msimu uliofuata nikaja tena na michoro yangu yote ndani ya kompyuta.

Michoro yenyewe niieleze. Unaupiga udongo eksirei, unaipandisha nishati yake polepole, na mahali fulani chuma kinaanza kuimeza. Mstari uliokuwa umelala chini unainuka ghafla kama ukingo wa uwanda wetu unavyoinuka ukiutazama ukiwa bondeni Rukwa, halafu juu unayumba kwa mawimbi madogo. Kila aina ya madini ya chuma ina mwinuko wake na mawimbi yake. Udongo una madini mengi, kwa hiyo mstari wake ni mchanganyiko. Unachukua mistari ya madini safi unayoyajua, ya njano, mekundu, ya kutu laini, unaiachia kompyuta iichanganye, hili kidogo, hili zaidi, mpaka mchanganyiko ulale juu ya mstari wa udongo. Mafungu yakijumlishwa yanatakiwa kufika moja, yaani kitu kizima. Kisichofunikwa tunakiita baki, na baki nzuri ni mstari mnyoofu, mtulivu, usio na habari.

Mafungu yangu hayakutulia kwenye moja. Yalipita. Na kwenye baadhi ya mashimo kompyuta ilinipa madini mekundu chini ya sifuri, kana kwamba udongo unaweza kuwa na deni la kitu usichokuwa nacho. Nilikaa nikitazama. Nje ukungu uliondoka, likaja jua jembamba, ukungu ukarudi. Kuna asubuhi nilisinzia mkono ukiwa juu ya kompyuta, nikaota natembea juu ya mstari wenyewe, nikipanda ule mwinuko na ndoo mkononi, na baba yuko juu, amenipa mgongo, anatazama ziwani.

"Bado haijakubali?" mama aliuliza mlangoni.

"Bado, mama."

"Basi iache kidogo. Njoo unywe uji."

Uji wa ulezi ulikuwa mzito na moto, na mama alinitazama nikinywa kama anavyomtazama mtu anayeugua. Hakuuliza kitu kisichokubali ni kitu gani. Alikuwa ameolewa na mwalimu miaka mingi, alishazoea mtu kukaa kimya mezani.

Nilianza kutafuta kosa kutoka mwanzo. Kabla ya kuchanganya chochote, kila mstari husawazishwa: unachora mstari mmoja kabla ya mwinuko na mwingine baada yake, ili miinuko yote iwe na kimo kimoja. Niliona kwamba mstari wa baada niliuanzisha karibu mno na mwinuko, ukawa unaegemea mawimbi badala ya kupita katikati yake. Kwa hiyo kimo cha udongo wangu kilikuwa kikubwa kuliko haki yake. Niliusogeza mbali, nikausawazisha udongo na madini yote kwa namna moja, nikajaribu tena. Jumla zilishuka, zikakaa karibu na moja. Nilipiga makofi peke yangu, polepole.

Baki zilikuwa bado na wimbi, pale pale kwenye mwinuko. Wimbi la mahali pale mara nyingi lina maana moja: kitu kimesogea pembeni. Nyuma ya kila sampuli, mashine hupima karatasi nyembamba ya chuma safi ambayo mahali pa mwinuko wake panajulikana, na hiyo ndiyo inayokwambia kama umehama. Nilizipitia karatasi hizo moja baada ya nyingine. Udongo wote ulikuwa mahali pake. Kilichohama kilikuwa mstari wa ile kutu laini, niliyoipima safari ya kwanza kabisa, kabla mafundi hawajairekebisha mashine. Umbali wenyewe ulikuwa mdogo sana, ungedhani ni unene wa wino. Niliurudisha, na baki za mashimo zikalala moja baada ya nyingine. Isipokuwa shimo la mwisho. Hilo lilibaki na wimbi lake, limeinama upande wa chini wa mwinuko, kama mtu anayetaka kusema jambo na hasemi.

Programu ninayotumia ina sehemu ya kubonyeza inayoruhusu mstari wowote usogezwe kushoto au kulia hadi ukae vizuri. Niliibonyeza. Shimo la mwisho likakaa vizuri kuliko yote. Nilitoka uani, nikasimama kwenye ukungu, nikahisi mwili mwepesi. Kuku walikuwa wanadonoa majani ya maboga. Nilipokuwa nawafukuza ndipo nilipojua kwamba sitalala nayo. Karatasi ya chuma safi ilikuwa imeshasema udongo huo haukuhama hata kidogo. Kama haukuhama, mimi nilikuwa nausogeza kwa idhini ya nani? Nilirudi ndani nikaondoa. Wimbi likarudi, na kwa namna fulani nilifurahi kuliona.

Nilimpigia mwenzangu wa maabara, kijana wa Tanga aliyebaki kule ughaibuni akimalizia yake. Nilimtumia picha ya baki, akaitazama tukiwa hewani.

"Dada, hapo umekosa mtu," alisema. "Mchanganyiko wako una watu wote waliovuta hewa. Huyu hakuvuta hewa. Umeweka chuma kisichopata oksijeni?"

"Udongo wenyewe mwekundu, kaka. Uko mlimani, maji hayasimami. Nimweke wa nini?"

"Mweke tu umwone."

Nilimweka. Kati ya mistari niliyoazima maabara kulikuwa na madini ya chuma na mchanga, meusi, ya aina inayozaliwa kwenye moto mkali au chini sana ardhini. Nilipoyaongeza, wimbi la shimo la mwisho likapungua kwa kiasi cha kunifanya nisogeze kiti. Kwa kujihadhari niliyaongeza na kwenye mashimo mengine pia, maana ukimwongeza mtu yeyote kwenye mchanganyiko hesabu hupendeza kidogo. Kule hayakusaidia kitu. Kompyuta iliyapa sifuri.

Nilimpigia tena mwenzangu, nikamsomea matokeo.

"Huo udongo uliufunga mkavu?"

"Ulikuwa mbichi."

"Mfuko haupitishi hewa?"

"Ulifungwa vizuri."

"Basi inawezekana uliharibikia humo. Vijidudu vinamaliza hewa, vinageukia chuma. Mistari yetu michache haiwezi kutofautisha vizuri chuma hicho na haya madini meusi. Pole, dada. Nani aliufunga?"

Nilimwambia ni baba. Akasema pole tena, kwa sauti nyingine.

Siku zilizofuata sikufungua kompyuta. Nilikwenda na mama kanisani, nilikwenda naye gulioni, nilikaa nikimenya maharage mabichi huku mawazo yangu yakiuona mkono wa baba unazungusha gundi, mara ya kwanza, mara ya pili, kwa uangalifu wa mtu anayefunga zawadi. Alitaka usiingie hata tone. Kama mwenzangu alikuwa sahihi, basi uangalifu ule ndio uliouharibu, na shimo letu la mwisho ingebidi nilifute. Wenzangu wangelifuta bila kupepesa. Sampuli zinaharibika, ni kawaida. Mimi niliona kama naombwa nimtoe baba kwenye picha.

Ilikuwa mchana, mvua imekatika, mama anapekua kabati akitafuta chujio, alipotoa kopo la maziwa ya unga na kuliweka mbele yangu. "Hili nalo ni lako au la kutupa? Baba yako aliliweka, akasema lisiguswe."

Ndani kulikuwa na nusu ile nyingine, iliyoanikwa kwenye ungo. Ilikuwa kavu, inapita vidoleni kama unga. Nilikuwa nimeisahau kabisa.

Udongo huu haukufungwa ukiwa mbichi, kwa hiyo kama chuma cheusi kilizaliwa ndani ya mfuko, humu kisingekuwemo. Sikuwa na eksirei mezani, lakini nyuma ya redio ya zamani kulikuwa na spika iliyokufa, na spika ina sumaku. Niliitoa, nikaifunga kwa mfuko laini wa nailoni, nikaipitisha juu ya udongo nilioutandaza kwenye sinia. Punje nyingi hazikujali. Nyingine chache zilisimama, zikayumba, zikarukia. Nilizikusanya kwenye karatasi nyeupe, nikazitazama kwa miwani ya baba ya kusomea, nikiishika mbali na macho ili ikuze. Zilikuwa nyeusi, na baadhi ziling'aa kama chupa iliyovunjika. Moja, kubwa kuliko punje ya ulezi, ilikuwa na vitundu vya mapovu.

Udongo hauna mapovu. Mapovu ni ya kitu kilichochemka.

Nilimwita mama. Alikuja akifuta mikono kwenye kanga, akainama juu ya karatasi, akanyanyuka. "Mavi ya chuma haya."

"Unayajua?"

"Si yamejaa kule Mollo? Mengine makubwa hivi." Alionyesha ngumi. "Tukilima tunayatupa kando. Watu wa zamani walikuwa na tanuru pale, la kuyeyusha chuma; haya ndiyo makapi yake. Limeanguka lote, limebaki tuta. Nyie mlichimba wapi?"

Nikamwambia: chini ya kile kijituta, kwa sababu baba alisema pale jembe linaingia vizuri.

Mama alikaa kwenye kiti. Alianza kucheka bila sauti, mabega yakitikisika, hadi machozi yakamtoka. "Mtu wa ziwani," alisema. "Miaka yote ile. Anakwenda kuchimba kwenye tanuru la watu kwa sababu ni laini. Na hamkuniuliza."

"Hatukukuuliza, mama."

"Angeniuliza angesikia uvivu kubadilisha. Namjua."

Tulicheka wote, na mahali fulani katikati kicheko kikageuka kilio, chake na changu, na wala hatukujaribu kukizuia. Tangu mazishi tulikuwa hatujalia pamoja. Kila mmoja alikuwa na saa zake.

Kesho yake tulikwenda Mollo. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka kwenye nyasi, ukifika kiunoni unachanika. Tuta la tanuru lilikuwa dogo kuliko nilivyolikumbuka, limeota magugu, na shimo letu lilikuwa limeshajaa, udongo umetitia kidogo tu. Nilisimama pale nikajaribu kuwaona watu wale wakiwa wamesimama mahali nilipo, uwanda wote ukiwa na moshi, chuma kikichuruzika. Kisha nikamwona baba akiwa ndani ya shimo hadi kiunoni, ananyoosha mkono nimpe koleo. Hakuna aliyeonekana kuwa na haraka. Mama alikuwa ameshainama anaokota vipande vyeusi na kuvitia kwenye kanga yake.

"Vinatosha hivi?" aliuliza.

Vilitosha na kubaki. Vingine nilivisaga, nikavifunga pamoja na udongo mkavu wa kopo, nikavituma kwa mwenzangu, aliyekuwa na zamu yake kwenye kinu. Vilichelewa njiani hadi nikakata tamaa. Alipopima, hakunipigia. Alinitumia faili bila maneno, kisha ujumbe mfupi: fungua ukiwa umekaa.

Niliweka mstari wa mavi ya chuma kwenye mchanganyiko. Wimbi la shimo la mwisho likashuka. Si lote; palibaki kikunjo kidogo ambacho mpaka leo sikijui, na nimeandika kwamba sikijui. Lakini jumla ilikaa penye moja, mahali pa mwinuko pakabaki pale karatasi ya chuma iliposema, na udongo mkavu ukatoa jibu lile lile la udongo wa mfuko, fungu kwa fungu, kwa tofauti isiyo ya kuhesabika. Ndani ya mfuko hakuna kilichoharibika. Baba alikuwa ameufunga vizuri, na udongo ulivuka bahari ukiwa vilevile ulivyotoka ardhini.

Hata hivyo ilibidi niliondoe shimo lile. Nilichokuwa naandika habari zake kilikuwa udongo wa kawaida wa wakulima, na ule haukuwa wa kawaida. Ulikuwa takataka za tanuru zilizolala chini ya mahindi. Msimamizi wangu aliniambia nilitengee sehemu yake ndogo mwishoni, na nilikubali. Niliumia kidogo, si sana. Ni kurasa chache. Nilieleza wimbi lile na namna tulivyolifuata, nikaandika kwamba anayelinganisha udongo wa sehemu hizi ajihadhari na mabaki ya matanuru, na asiruhusu mstari kusogea ili apate utulivu. Nilipomaliza sentensi ya mwisho mama alikuwa anapalilia maua mbele ya nyumba, anaimba wimbo wa Kifipa ambao maneno yake sijawahi kuyashika yote.

Siku nilipotuma kazi, alisema anataka kwenda Muze kununua mchele. Alikuwa hajatoka kwenda mbali tangu msiba. Tulipanda gari la asubuhi, tukashuka ukingo kwa kona na kona, na kila kona joto liliongezeka, hata tukavua masweta yetu tukayaweka mapajani. Chini bonde lilikuwa jeupe kwa mwanga, huwezi kujua ziwa linaanzia wapi na anga linaishia wapi. Mama alibishana bei na mwanamke mmoja kwa muda mrefu, kwa furaha, wakaishia kuulizana habari za watoto. Alininunulia muwa. Nilikula nimesimama juani, mtu mzima mwenye shahada, nikitema makapi kwenye kiganja.

Jioni gari lilipoanza kupanda tena, mama alilala. Kichwa chake kiliniegemea begani, kizito, kikitikisika kila gari lilipobadilisha gia. Mfuko wa mchele ulikuwa kati ya miguu yetu. Nilihisi hewa ikipoa kidogo kidogo dirishani, nikachukua sweta lake nikamfunika.

"Tumefika?" aliuliza bila kufungua macho.

"Bado. Lala."

Akalala.